Dawa za Figo Kwenye Mizani

Kila figo ya binadamu ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Kichujio kimoja ni fundo la mishipa myembamba ya damu iliyojiviringa, mshipa mmoja ukiingiza damu na mwingine ukiitoa. Damu inapopita humo kwa msukumo, maji, chumvi na taka hupenya kuta na kuanza safari ya kuwa mkojo, huku chembe za damu na protini zikibaki ndani. Kwa mtu mzima mwenye afya, figo zote mbili huchuja takriban mililita 100 kwa dakika. Kiwango hicho madaktari hukikadiria kwa kupima kreatinini katika damu, na ndicho wanachokitaja wanapomwambia mgonjwa kwamba figo zake "zimebaki asilimia 40".

Ugonjwa sugu wa figo ni kufa kwa vichujio hivyo kidogo kidogo, kwa miaka. Kilichokufa hakifufuki. Vilivyobaki hubeba mzigo wa vilivyoondoka, msukumo wa damu ndani yake hupanda, kuta zake huchoka, na protini iitwayo albumini huanza kuvujia kwenye mkojo. Kuvuja huko ni dalili ya ugonjwa, na papo hapo huongeza madhara, kwa sababu protini ikipita mahali isipotakiwa huumiza mirija ya figo. Visababishi viwili vikubwa ni kisukari na shinikizo la damu. Kwa muda mrefu mgonjwa hahisi chochote. Miguu inapovimba, mkojo unapotoa povu na chakula kinapoanza kumchukiza, sehemu kubwa ya figo huwa imekwisha kupotea. Uwezo ukishuka chini ya mililita 15 kwa dakika, mazungumzo huhamia kwenye mashine ya kusafisha damu, yaani dialisisi, au kupandikizwa figo ya mtu mwingine.

Kwa hiyo swali kuu la tiba ya figo ni moja: ni dawa gani inayochelewesha safari hiyo, na kwa kiasi gani? Swali hilo halijibiwi kwa uzoefu wa daktari mmoja, hata awe hodari namna gani, kwa kuwa ugonjwa wenyewe huenda polepole na kila mgonjwa ana mwendo wake. Hujibiwa kwa majaribio ya tiba. Wagonjwa wanaokaribiana kwa hali hugawanywa na kompyuta kwa bahati nasibu katika makundi. Kundi moja hupewa dawa inayopimwa, na jingine hupewa dawa iliyozoeleka au kidonge kinachofanana na ile mpya kwa rangi na umbo ila hakina dawa ndani. Katika majaribio mengi mgonjwa hajui kapewa kipi, na daktari anayemfuatilia naye hajui. Baada ya miaka kadhaa huhesabiwa mambo yasiyo na ubishi: wangapi wamefariki, wangapi wameingia kwenye mashine, wangapi wamepoteza nusu ya uwezo wa figo. Jopo huru hupitia takwimu katikati ya safari, nalo lina mamlaka ya kushauri jaribio lisimamishwe ikiwa dawa inaumiza, au ikiwa faida yake imekuwa wazi kiasi kwamba kuwanyima wengine ni kuwadhulumu.

Jaribio lililofungua njia lilichapishwa Marekani mwaka 1993. Liliwahusisha watu 409 wenye kisukari cha aina ya kwanza ambao figo zao zilikuwa zimeanza kuvuja protini. Nusu walipewa captopril, dawa ya presha iliyokuwapo tayari madukani, na nusu wakapewa kidonge kitupu. Dawa nyingine za presha ziliruhusiwa kwa wote, ili shinikizo la damu la makundi hayo lisipishane sana. Waliotumia captopril walipunguziwa kwa nusu hatari ya kufa, kuingia kwenye dialisisi au kuhitaji kupandikizwa figo.

Siri iko katika ile mishipa miwili ya kichujio. Mwili hutengeneza kemikali iitwayo angiotensini, ambayo hubana zaidi ule mshipa wa kutolea damu. Ni sawa na mpira wa kumwagilia bustani uliobanwa mdomoni: maji yanaendelea kuingia, na msukumo ndani ya mpira unapanda. Captopril na ndugu zake, ambao majina yao kwenye boksi huishia na "pril", huzuia kemikali hiyo isitengenezwe. Kundi la pili, lenye majina yanayoishia na "sartan", huizuia isifanye kazi. Mshipa wa kutolea hulegea na kichujio hupumzika.

Mwaka 2001 majaribio mawili makubwa yalithibitisha jambo hilohilo kwa kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho wagonjwa wengi wanacho. Moja, RENAAL, lilipima losartan kwa watu 1,513. La pili, IDNT, lilikuwa na watu 1,715 na lilifundisha zaidi, kwa sababu liliweka makundi matatu: irbesartan, amlodipine na kidonge kitupu. Amlodipine ni dawa nzuri ya presha, na katika jaribio hilo ilishusha shinikizo karibu sawa na irbesartan. Hata hivyo waliotumia irbesartan walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 23 ya figo kuharibika au kufariki kuliko waliotumia amlodipine. Presha ilikuwa ileile, figo zikawa na hatima tofauti. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba dawa hizi huilinda figo kwa njia yake yenyewe, mbali na kushusha presha.

Kwa msomaji wa Afrika, jaribio linalostahili kukumbukwa kuliko mengine ya kipindi hicho ni AASK. Lilifanyika Marekani kwa Wamarekani weusi 1,094 wenye ugonjwa wa figo uliotokana na presha, bila kisukari. Wakati huo madaktari wengi walisita kuwapa wagonjwa weusi dawa za kundi la "pril", kwa hoja kwamba haziwashushi presha vizuri. Hoja hiyo ina ukweli wake katika presha. Kosa lilikuwa kuihamishia kwenye figo bila kupima. AASK ililinganisha ramipril, metoprolol na amlodipine. Mwaka 2000 kundi la amlodipine lilisimamishwa kabla ya muda, na matokeo yalipotoka, ramipril ilikuwa imepunguza kwa asilimia 38 hatari ya figo kuporomoka, kuingia kwenye dialisisi au kufariki, ikilinganishwa na amlodipine. Watu ambao wangenyimwa dawa hiyo kwa sababu ya asili yao ndio walioonekana kufaidika nayo. Jaribio hilohilo lilipima pia kama kushusha presha chini zaidi ya kawaida kunasaidia, na kwa jumla halikuona faida. Wagonjwa walipofuatiliwa kwa miaka zaidi, faida ilijitokeza kwa wale tu ambao mkojo wao ulikuwa na protini.

Ikiwa "pril" inasaidia na "sartan" inasaidia, wengi waliona ni busara kuzitoa pamoja. Wagonjwa walipewa zote mbili, na kipimo cha protini kwenye mkojo kilipungua kweli. Kisha likaja jaribio la NEPHRON-D, lililofanywa kwa watu 1,448 katika hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani. Lilisimamishwa kabla ya wakati, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013: waliotumia dawa mbili walipandishwa potasiamu katika damu kiasi cha kuhatarisha moyo, na wengi zaidi wakapata kuumia kwa figo kwa ghafla. Mazoea ya miaka yakaachwa. Funzo lake bado lina kazi leo, maana lilionyesha kwamba kipimo cha mkojo kinaweza kupendeza huku mgonjwa akiumia.

Kipindi hicho chote kilikuwa cha ukame. Karibu miaka 18 ilipita tangu losartan bila dawa mpya iliyothibitika kuilinda figo. Nuru ilitokea upande ambao haukutarajiwa, kwenye dawa za kushusha sukari.

Asili yake ni ya zamani. Mwaka 1835 wanakemia wa Ulaya walitoa kwenye maganda ya mizizi ya mtufaha kitu kichungu walichokiita florizini. Baadaye iligundulika kwamba anayekila hukojoa sukari. Sababu ni kwamba florizini huziba milango inayoirudisha sukari mwilini baada ya kuchujwa na figo. Yenyewe haikufaa kuwa dawa, kwani sehemu kubwa yake huvunjwavunjwa tumboni kabla ya kufanya kazi, lakini iliwapa watafiti mfano. Kutokana nayo zilitengenezwa dawa zinazoishia na "gliflozin": canagliflozin, dapagliflozin na empagliflozin.

Dawa hizo zililetwa kwa ajili ya kisukari. Kilichokuja kuonekana ni kwamba mlango unaorudisha sukari hurudisha na chumvi pamoja. Ukizibwa, chumvi nyingi zaidi husafiri kwenye mrija hadi mahali ambapo figo ina kihisi chake cha chumvi. Kihisi hutafsiri kwamba damu inayochujwa ni nyingi kupita kiasi, na huamuru mshipa wa kuingizia damu ubane kidogo. Msukumo ndani ya kichujio hushuka. Kwa hiyo "pril" na "sartan" hulegeza mlango wa kutokea, na "gliflozin" hupunguza kinachoingia. Pande zote mbili zinamhudumia mgonjwa mmoja.

Jaribio la kwanza kuthibitisha kwamba dawa hizo huilinda figo lilikuwa CREDENCE, lililochapishwa mwaka 2019. Watu 4,401 wenye kisukari cha aina ya pili na figo zinazovuja walipewa canagliflozin au kidonge kitupu, na jaribio likasimamishwa mapema kwa sababu faida ilikuwa wazi: hatari ya madhara makubwa ilipungua kwa asilimia 30. Swali lililobaki lilikuwa kama wasio na kisukari nao wangefaidika. DAPA-CKD ya mwaka 2020 ikalijibu. Kati ya washiriki wake 4,304, karibu theluthi moja hawakuwa na kisukari, na karibu wote walikuwa tayari wanatumia "pril" au "sartan".

Hesabu za DAPA-CKD zinafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu asilimia peke yake huweza kumchanganya mtu. Kila kundi lilikuwa na watu 2,152. Katika waliomeza kidonge kitupu, 312 walipoteza nusu ya uwezo wa figo au zaidi, au figo zao zilifika ukingoni, au walifariki kwa ugonjwa wa figo au wa moyo. Katika waliomeza dapagliflozin, mambo hayo yaliwapata 197. Tofauti ni watu 115 ndani ya muda wa kati wa miaka 2.4. Kwa maneno mengine, kati ya kila wagonjwa 19 waliotumia dawa kwa muda huo, mmoja aliokolewa na pigo ambalo lingempata. Vifo vya sababu yoyote vilikuwa 146 upande mmoja na 101 upande wa dawa. Katika tiba ya figo, hesabu kama hiyo haikuwa imezoeleka.

EMPA-KIDNEY, lililoongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, na kutangazwa mwishoni mwa 2022, lilipanua zaidi mlango. Lilikuwa na watu 6,609, zaidi ya nusu wakiwa hawana kisukari, na liliwapokea hata baadhi ya wale ambao mkojo wao haukuwa na protini nyingi. Madhara makubwa yaliwapata asilimia 13.1 ya waliotumia empagliflozin, dhidi ya asilimia 16.9 ya wenzao. Baada ya miezi miwili ya mwanzo, wasiotumia dawa walipoteza wastani wa mililita 2.75 za uwezo wa kuchuja kila mwaka, na wanaoitumia mililita 1.37. Mtu mwenye uwezo wa mililita 37 akienda kwa mwendo wa kwanza atafika 12 baada ya miaka tisa; kwa mwendo wa pili atachukua miaka 18. Maisha hayafuati mstari ulionyooka hivyo, lakini hesabu hiyo inaonyesha uzito wa jambo lenyewe: mtoto aliyezaliwa mwaka ambao mzazi wake ameanza dawa anaweza kuwa amemaliza sekondari kabla mzazi hajafika kwenye mashine.

Ile miezi miwili ya mwanzo inahitaji maelezo, maana hapo ndipo wagonjwa wengi huacha dawa bila sababu. Msukumo unaposhuka ndani ya kichujio, kiasi kinachochujwa nacho hupungua kidogo, na kreatinini hupanda. Anayetazama karatasi ya maabara hudhani dawa inaua figo. Jambo hilo hutokea kwa "pril", "sartan" na "gliflozin" zote. Kwa kawaida kushuka huko ni kudogo, husimama, na baada yake mwendo wa figo huwa wa taratibu zaidi. Kuamua kama kushuka ni kwa kawaida au kumezidi ni kazi ya daktari mwenye vipimo vyote mkononi.

Dawa hizi zina madhara yake. "Gliflozin" huleta fangasi sehemu za siri kwa sababu ya sukari iliyo kwenye mkojo, na kwa nadra husababisha damu kujaa asidi, hasa kwa mwenye kisukari anayefunga, anayetapika au anayejiandaa kwa upasuaji. Kwa hiyo anayetaka kufunga Ramadhani azungumze na daktari wake kabla mwezi haujaandama. "Pril" na "sartan" hazitolewi kwa mjamzito, kwani huumiza figo za mtoto tumboni. Na waliopandikizwa figo au wenye figo za kurithi zilizojaa vifuko vya maji hawakuingizwa katika majaribio makubwa ya "gliflozin", hivyo matokeo yake hayawahusu moja kwa moja.

Nguzo nyingine mbili zimeongezwa kwa wenye kisukari cha aina ya pili. Finerenone, inayozuia homoni inayochochea makovu kwenye figo na moyo, ilipimwa katika FIDELIO-DKD mwaka 2020 na kupunguza hatari kwa asilimia 18, ingawa potasiamu lazima ipimwe mara kwa mara. Semaglutide, sindano ya mara moja kwa wiki, ilipimwa katika FLOW kwa watu 3,533. Matokeo ya 2024 yalionyesha hatari ya madhara makubwa ya figo na vifo vya moyo ikipungua kwa asilimia 24, na vifo vya sababu yoyote kwa asilimia 20. Mwaka 2025 jaribio la CONFIDENCE lililinganisha finerenone na empagliflozin zikiwa pamoja na kila moja ikiwa peke yake. Zikiwa pamoja zilipunguza albumini ya mkojo kwa takriban theluthi moja zaidi. Ni habari njema, lakini ni kipimo cha mkojo. Jaribio hilo halikupangwa kupima vifo wala dialisisi, na yaliyotokea kwa NEPHRON-D hayajasahaulika.

Kwa waliokwisha fika kwenye mashine, majaribio ni machache zaidi, ila mawili yana maana kubwa. La kwanza, IDEAL, lilifanyika Australia na New Zealand kwa watu 828 na kuchapishwa mwaka 2010. Liliuliza kama kuanza dialisisi mapema kunaongeza maisha. Waliopangiwa kuanza mapema walifariki asilimia 37.6, na waliosubiri asilimia 36.6, hakuna tofauti. Waliosubiri walipata takriban miezi sita ya ziada nyumbani bila mashine, ingawa wengi wao dalili ziliwalazimisha kuanza kabla ya kiwango walichopangiwa. Mahali ambapo kila kikao hulipwa na familia iliyouza shamba, au na bima yenye kikomo, miezi sita si kitu kidogo. La pili, CONVINCE, lilifanyika katika nchi nane za Ulaya kwa watu 1,360 na kuchapishwa mwaka 2023. Lililinganisha dialisisi ya kawaida na ile inayopitisha maji mengi zaidi kwenye kichujio ili kuondoa taka kubwa. Vifo vilikuwa asilimia 21.9 kwa njia ya kawaida na asilimia 17.3 kwa njia hiyo nyingine. Hata hivyo inahitaji maji safi kupita kiasi na kwa wingi, sharti ambalo vituo vingi vya Afrika Mashariki vitachukua muda kulitimiza.

Kasoro kubwa ya majaribio haya ni walioshiriki. Katika CREDENCE, DAPA-CKD na EMPA-KIDNEY, watu wenye asili ya Afrika hawakufika mmoja katika kila kumi. Wagonjwa wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura wanatibiwa kwa takwimu za watu wengine, na wale wanaougua baada ya maambukizi ya muda mrefu, au kwa kumeza dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen kila siku, wamefanyiwa utafiti mdogo sana. AASK ilionyesha hasara ya kukisia juu ya miili ambayo haikupimwa. Hospitali za rufaa na vyuo vikuu vya ukanda huu vina wagonjwa na vina wataalamu. Vinastahili fedha za kuendesha majaribio yake.

Upande wa bei umeanza kulegea. Losartan na dawa za kundi la "pril" ni rahisi na zimeenea hadi vituo vya afya. Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za "gliflozin" katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021, na kampuni za India zimekuwa zikitengeneza dapagliflozin ya bei nafuu tangu hataza yake ilipoisha nchini humo mwaka 2020. Semaglutide na finerenone bado ziko mbali na mfuko wa mwananchi wa kawaida.

Lakini hakuna dawa kati ya hizi inayoweza kutolewa kwa mtu ambaye hajulikani kuwa anaumwa. Karibu majaribio yote yaliyotajwa yaliwachukua watu ambao figo zao bado zilikuwa zinafanya kazi, na walipatikana kwa vipimo, kabla ya kuvimba miguu. Kliniki nyingi za presha na kisukari humpima mgonjwa presha na sukari kila anapofika, na mkojo hauguswi. Mwenye kisukari, mwenye presha, au aliyewahi kuwa na mgonjwa wa figo katika ukoo, aombe vipimo viwili angalau mara moja kwa mwaka: kreatinini katika damu na albumini katika mkojo. Akiambiwa albumini ipo, aulize siku hiyohiyo kama dawa anazotumia ni zile zilizothibitika kuilinda figo.